Daktari Ametaja Taya, Nami Nasubiri Apunguze

Mpendwa Mshauri Bi Kwandu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Keza, wilaya ya Ngara. Gazeti lako hunifikia likiwa limeshasomwa na mwenye duka na wateja wake wote, lakini ukurasa wako sijawahi kuuruka, na leo naomba msaada mimi mwenyewe ambaye siku zote ndiye ninayeombwa, maana nimefika mahali ambapo maneno yamenishinda, na maneno ndiyo kazi yangu.

Naitwa Anatoli, nimepita miaka hamsini, nalima kahawa na migomba, na ni mume wa Bonifasia, lakini ukifika huku usiniulizie kwa kahawa, ulizia msemaji, bodaboda yoyote itakuleta mpaka mlangoni. Mimi ndiye ninayesimama kwenye mahari. Familia ikitaka kuoa inanifuata niisemee, na familia inayooza nayo ina msemaji wake, tunakaa tumeelekeana, wazee wa pande zote kimya, pombe ya ndizi imewekwa katikati na hakuna anayeigusa, na kazi yangu ni kukishusha kile kilichotajwa mpaka kifike mahali ambapo waoaji wanaweza kukibeba na waozaji hawajisikii wamedharauliwa. Sijisifu, Mshauri, lakini kuna ng'ombe wengi katika tarafa hii wanaokula majani kwa wenyewe mpaka leo kwa sababu ya mdomo wangu.

Sasa mdomo huo ndio uliopata matatizo. Ilianza kwa jino la chini, la nyuma, upande wa kushoto, lililegea bila kuuma, nikaling'oa kituo cha afya nikadhani yamekwisha, kumbe shavu likaendelea kutuna taratibu, haliumi, halina joto, ukibonyeza unakuta ni mfupa wenyewe ndio unaotanuka, nikafuga ndevu nifiche, na ndevu nazo zikanisaliti kwa sababu za upande mmoja zilikuwa zimetangulia mbele kuliko za upande wa pili. Mdogo wangu Juvenali akasema hapa hakuna cha jino, kuna mtu nilimshushia mahari ya binti yake akaumia moyoni, ameamua kunifunga mdomo, na yeye anamfahamu mtaalamu upande wa Lukole anayechanja shavu na kutoa kilichowekwa. Sikwenda, na si kwamba nilikuwa jasiri, ni Bonifasia aliyesema nikichanjwa shavu nisirudi kwake.

Basi tukaenda hospitali ya wilaya, wakatuandikia rufaa ya Mwanza, na huko tukampata Daktari Philbert, kijana wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, mpole, ana adabu, alitupa shikamoo kabla hatujakaa. Akanipiga picha ya taya zima, akakata kipande kidogo cha nyama ndani ya mdomo kipelekwe maabara, halafu akatukalisha mimi na Bonifasia akatueleza akionyesha kwenye picha. Akasema, "Mzee, kwa ninavyoona hii siyo saratani. Uvimbe huu hauna tabia ya kusafiri mwilini. Lakini unakula taya, na hautaacha wenyewe. Kama maabara itathibitisha ninachokifikiria, ushauri wangu ni kuondoa kipande cha taya chenye uvimbe, pamoja na mfupa kidogo usio na ugonjwa pembeni yake, halafu tunaweka chuma cha kushikilia." Nikamuuliza kuhusu kuongea. Akasema, "Utaongea, mzee. Hutaongea kama leo. Mdomo wa chini upande huu utakuwa na ganzi, na kuna maneno itabidi mdomo uyajifunze upya."

Hapo, Mshauri, nilifanya ninachokifanya siku zote. Kwetu neno la kwanza halipokelewi, anayelipokea amejidhalilisha yeye na waliomtuma. Nikamwambia, "Daktari, tumekusikia na tunashukuru. Umetaja kikubwa. Sasa tutajie kile kilichobaki moyoni." Akanitazama kama hajanielewa, akasema moyoni hana kitu, ila njia ndogo ipo, ya kufungua na kukwangua ndani huku mfupa ukibaki, lakini kwa uvimbe unaoonekana kama wangu, na kwa mtu mzima, ukikwanguliwa hurudi mara nyingi mno na yeye hawezi kunishauri hiyo. Mimi nililosikia ni kwamba njia ndogo ipo. Nikainuka, nikachukua kofia yangu, nikamwambia Bonifasia twende, tukatembea kwenye ule ukumbi mrefu polepole sana, na nikamnong'oneza mke wangu asigeuke nyuma, maana kwenye mahari ukishainuka hivyo huvuki ua, lazima waite. Tukafika getini. Bonifasia akaniuliza, "Tunamngoja nani?" Nikamwambia wataita. Tulisimama pale mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepotea, ndipo tukaenda stendi.

Baadaye nikaenda Bukoba, safari hii peke yangu kwa sababu Bonifasia alikuwa na maharage shambani, nikampata daktari mama wa makamo, nikamwambia Mwanza wametaja taya, ninyi mnasemaje. Aliiangalia picha muda mrefu. Akasema kukwangua kunawezekana kwa baadhi ya watu, lakini hawezi kunipa jibu wala tarehe mpaka nimpelekee majibu ya maabara ya Mwanza, na hata ikitokea akakubali, nijue kwamba unaweza kurudi, nitakuwa mtu wa kupigwa picha kila mwaka kwa miaka mingi, niumwe nisiumwe. Nikashukuru nikaondoka, na njia nzima nilikuwa na furaha, najiambia nimeshusha.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Bonifasia, "Bukoba wamekubali kukwangua." Basi. Hilo la kurudi sikulitaja, wala la majibu ya maabara. Naomba unielewe, Mshauri, huo ndio ufundi wa kazi yetu, msemaji anapotembea kati ya nyumba mbili neno linalojenga hulifikisha na neno linalobomoa huliacha njiani, na ndoa nyingi zimesimama kwa sababu ya maneno niliyoyaacha njiani. Bonifasia alikuwa anachambua maharage, akasema "ego", yaani ndiyo ya kwetu, bila kuinua macho.

Sasa juzi Daktari Philbert amepiga simu mwenyewe. Amesema, "Mzee Anatoli, majibu yametoka. Naomba uje Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na tafadhali uje na mama." Sikufichi, nilifurahi mpaka nikatoka nje. Nimeitwa. Nimengojea wito ule tangu pale getini, na mtu akikuita baada ya wewe kuinuka ni kwamba yuko tayari kushuka. Lakini Bonifasia ameniuliza swali moja tu, "Kama Bukoba wamekubali, Mwanza tunafuata nini?" na mimi Anatoli nikachukua jembe nikatoka jikoni.

Na kuna jambo jingine linalonibana. Mzee Danstan wa Murukulazo anamposea mke mtoto wake wa kiume baada ya mavuno ya kahawa, upande wa pili ni watu wazito wenye msemaji hodari, na amenifuata mimi, nimemkubalia. Nikikwanguliwa nitakuwa nimepona. Nikikatwa taya, nani atamsikiliza mtu mwenye mdomo wa ganzi anayefuta mate kila sentensi? Wewe hujaona, Mshauri, jinsi ua mzima unavyonyamaza ninaposimama. Nje ya hapo mimi ni mkulima tu wa migomba kama wengine. Usiku huwa najaribu kuongea huku nimeushika mdomo upande mmoja, nisikie nitakuwaje, na ninachokisikia nakichukia.

Naomba unishauri. Niende Mwanza nikambane yule kijana ashuke zaidi, au nimwache niende moja kwa moja Bukoba? Na lile neno nililoliacha njiani, kuna ulazima wa kulifikisha? Jina langu lichape tu, shavu hili halina siri tena, na Bonifasia hana kawaida ya kusoma magazeti.

Wako,
Anatoli, Keza.


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Anatoli. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale getini. Mara ya pili sikucheka.

Mimi ni Msukuma wa Biharamulo, nimekulia kwenye nyumba ambayo mahari ya dada zangu ilikuwa inajadiliwa mpaka wageni wanasinzia. Kwa hiyo sitakukejeli kwa kukataa neno la kwanza. Kwetu pia, anayekubali bei ya kwanza anaonekana hakufundwa. Lakini fikiri vizuri, wewe fundi wa hayo mambo. Mahari hushuka kwa nini? Hushuka kwa sababu aliyetaja alikuwa ameshapandisha. Yule mzee mwenzako wa upande wa pili aliweka ng'ombe wawili watatu wa juu makusudi, ili wewe uwatoe na yeye awatoe, muinuke wote na heshima zenu. Daktari Philbert hakupandisha. Hakukuwekea kipande cha taya cha ziada ili umpunguzie. Alikuambia alichokiona kwenye picha, na alipokuambia moyoni hana kitu, alikuwa anasema kweli. Wewe ulipochukua kofia, yeye aliona mgonjwa anaondoka, akaita mgonjwa mwingine, maana benchi limejaa.

Na hiyo simu, baba, usiipigie vigelegele. Hajakuita ili ashuke. Amekuita kwa sababu majibu yametoka, na kati ya wagonjwa wote wanaompita alikumbuka kuna mzee wa Keza aliyeondoka bila kuyasikia. Hilo ni jambo la kumshukuru, si la kwenda kumbana. Tena akasema uje na mama. Alishawaona nyie wawili, akajua ni nani anayesikia sentensi mpaka mwisho.

Sasa taya. Mimi si daktari, kwa hiyo nimempigia daktari mmoja wa upasuaji wa kinywa na taya ninayemfahamu, nikamweleza bila kukutaja. Naye hajakuona wala kuona picha yako, kwa hiyo haya ni ya jumla, yako wewe atayasema aliyekupima. Amenifundisha jambo ambalo hata mimi sikulijua, kwamba uvimbe wa namna hii si wa aina moja. Kuna ule ambao ndani yake ni chumba kimoja, mara nyingi huwapata vijana, na huo kweli unaweza kufunguliwa, kukwanguliwa, wakati mwingine hata kutobolewa kwanza unywee, mfupa ukabaki. Hasa kwa mtoto ambaye taya lake bado linakua, madaktari hufikiria mara nyingi kabla ya kukata. Kwa hiyo njia ndogo si ya waganga wa kubahatisha. Ni njia halali, ina watu wake.

Halafu kuna ule wa vyumba vingi, huo hujipenyeza ndani ya mfupa ambao kwenye picha unaonekana mzima. Wewe ni mkulima, unaijua sangari, lile gugu lenye mizizi mirefu. Unapalilia shamba leo, linapendeza, mvua ikinyesha unakuta imechomoza palepale na pembeni pia, kwa sababu jembe lilichukua majani likaacha mizizi. Ndiyo maana daktari anataka kuondoa na mfupa mzima kidogo pembeni. Si uchoyo wake, anafuata mizizi. Na huyu niliyempigia anasema uvimbe ukirudi hauchagui wakati. Unaweza kurudi baada ya miaka miwili, unaweza kukaa zaidi ya kumi mtu ameshasahau, na mara nyingi unaporudi kinachokatwa ni kikubwa kuliko kile ambacho kingekatwa mwanzo, na mwenye taya naye amezeeka.

Ndiyo maana nakuambia umeuliza swali baya. Umeuliza kipi kidogo na kipi kikubwa. Muulize daktari hivi: huu wangu maabara imeuita nini, wa chumba kimoja au wa vingi? Umefika wapi kwenye mfupa? Watu wazima kama mimi waliokwanguliwa, wangapi walirudi kwako? Ukinikata, pengo unalijaza na nini, chuma peke yake au baadaye na mfupa wa kutoka sehemu nyingine ya mwili, na ni lini? Nitakula nini wiki za mwanzo, na nani atanifundisha kuongea tena? Ukishajibiwa hayo, majibu uyapeleke na Bukoba kama ukitaka maoni ya pili, hilo ni haki yako na hakuna daktari mwenye akili atakayekununia. Maoni ya pili ni jambo zuri. Ulichokifanya wewe siyo maoni ya pili. Ulienda Bukoba kutafuta mtu wa kusema neno moja, ulipolisikia ukafunga masikio ukapanda basi.

Na kuna swali moja unalotakiwa kujiuliza mwenyewe, daktari hawezi kukusaidia. Ukichagua kukwanguliwa, utakuwa umechagua pia kurudi kupigwa picha kila mwaka, kwa miaka mingi, wakati hapaumi popote na kahawa inakungoja. Je, wewe ni mtu wa hivyo? Wewe ambaye shavu lilituna ukafuga ndevu? Sikuulizi nikuaibishe. Kuna watu wanaoweza kuishi hivyo na hukumbuka kila tarehe. Kama wewe si mmoja wao, njia ndogo kwako ni njia kubwa iliyocheleweshwa tu.

Juvenali mwambie anakupenda, lakini kwa Lukole hapana. Uvimbe ulio ndani ya mfupa hautolewi kwa wembe juu ya shavu, utaongeza kidonda na usaha juu ya kile ulichonacho, na hakuna mtu aliyekufunga mdomo kwa ajili ya ng'ombe. Mkeo alishalimaliza hilo, silirudii.

Sasa tufike kwake. Hapa sitakubembeleza, Anatoli. Unasema msemaji anaacha njiani neno linalobomoa. Sawa, ni kazi ya heshima, inafaa kati ya nyumba mbili ambazo hazijajuana, kila moja ikiogopa kudharauliwa na nyingine. Kwako ni nyumba mbili? Umetoka Bukoba kwenda kwa Bonifasia kama mshenga, ukampelekea mkeo nusu ya ujumbe unaohusu uso wa mumewe. Ni yeye atakayekukorogea uji wiki nyingi wakati huwezi kutafuna. Ni yeye atakayekuuliza tena na tena "unasema?" mpaka mdomo uzoee. Uvimbe ukirudi baada ya miaka, ni yeye atakayejiuliza kwa nini hakuambiwa, na siku hiyo hutakuwa na ufundi wa kumjibu. Hata wewe umeona ile "ego" aliyoisema bila kuinua macho, ndiyo maana ukaniandikia. Mwanamke aliyekubali angeuliza ni lini. Yeye aliendelea na maharage, halafu siku simu ilipopigwa akakuuliza swali moja lililokumaliza. Anajua kuna kitu umekiacha njiani, anangoja umletee mwenyewe.

Na hili la kusema nichape jina lako kwa sababu Bonifasia hasomi magazeti, limenionyesha jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kujidanganya akiwa na hofu. Umesema mwenyewe gazeti linasomwa kwanza dukani. Hapo Keza kuna mtu atakayekosa kumwambia? Nilitaka kulificha jina, nikaona nikilificha nitakuwa nami nimeacha neno njiani. Badala yake, kabla halijachapwa, nakupigia simu kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha nikusomee jibu hili lote, ili uwe na siku mbili kabla halijafika huko. Zitumie.

Mzee Danstan mwambie wiki hii atafute msemaji mwingine. Hata ungekwanguliwa tu, hupaswi kusimama mbele ya watu na kidonda kibichi mdomoni, na mzee wa watu asije akakuta kiti kitupu siku ya siku. Atanung'unika, atampata. Huko kwenu hamjawahi kukosa waongeaji.

Lile la ua kunyamaza ukisimama silichezei. Najua mtu anavyoweza kuishi kwa kitu kimoja anachokiweza kuliko wengine, na ukimwambia vitu vingine vipo anakuona humjui. Sitakuahidi kwamba baada ya kukatwa utasema kama zamani. Anayekuahidi hivyo mkimbie. Nimemuuliza yule daktari, akasema wapo wanaorudi karibu kabisa na walivyokuwa, wapo wanaobaki na maneno mazito na ganzi isiyoondoka, na wengi wako katikati. Inategemea kinachokatwa, kinachowekwa, na uvumilivu wa mwenye mdomo. Una haki ya kulia kwa hilo. Una haki hata ya kulikataa, ukishajua unachokikataa. Lakini huna haki ya kuamua ukiwa umejiziba masikio, halafu ukaiita hiyo hekima ya wazee.

Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza nendeni wote wawili. Ukifika usimsemee mtu yeyote, hata wewe mwenyewe. Kaa, mwache Bonifasia aulize, wewe sikiliza majibu mpaka mwisho wa kila sentensi, na msiinuke kabla daktari hajamaliza. Uamuzi mtautoa mkiwa nyumbani, mkiwa mnajua kitu kilekile wote wawili.

Lakini kabla ya safari hiyo kuna kazi moja ya mdomo, na ni wewe tu unayeweza kuifanya. Umewasemea watu wa Ngara miaka mingi, umewasemea baba za watu na wajomba za watu. Katika barua yote hii ndefu sijaona mahali ulipomwambia mkeo kwamba unaogopa. Mwambie leo, kwa sauti hiyohiyo unayoiogopa kuipoteza, wakati bado ni nzima.